Ndoa za jinsia moja Marekani: kura ya jimbo au mahakama?

Kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijaziruhusu nchi nzima 2015, kila jimbo lilikuwa na njia yake: kura ya wananchi au kesi mahakamani. Kwa kasi, mahakama ilishinda. Massachusetts hukumu ilitoka Novemba 2003, na Mei 2004 watu wakaanza kufungishwa ndoa. Maine walisota: wapiga kura walifuta sheria ya bunge lao 2009, wakaja kukubali 2012.

Gharama? Hapo kura ilikuwa mfuko uliotoboka. California 2008 pande mbili zilimwaga zaidi ya dola milioni 80, kisha Novemba kura ikafuta kile mahakama ilichoruhusu Mei.

Lakini Maine, baada ya 2012, nani angelalamika kuwa majaji wamemwamulia? Waliokuwa wengi jimboni na wenye muda wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kura iliwafaa. Waliokuwa wachache, bora kwa jaji.