Vidonge vya fangasi wa kucha: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Nimebeba mizigo Mlima Kilimanjaro kwa miaka tisa, na kwa miaka minne kati ya hiyo nilikuwa nalala na soksi hemani ili wenzangu wasione miguu yangu. Ukucha wa kidole gumba cha kulia ulikuwa umenenepa kama kipande cha pembe, wa njano, unamumunyuka ukingoni, na chini yake kuna unga unga wenye harufu. Wa kushoto ukafuata, kisha vidole viwili vidogo. Leo ni mwezi wa 14 tangu nimeze kidonge cha kwanza cha terbinafini. Nimeamua kueleza yote niliyopitia, pamoja na pesa zilizopotea, kwa sababu najua wagumu wengi, yaani wapagazi wenzangu, wa njia za Machame na Marangu wana kucha kama zilivyokuwa zangu.

Chanzo chake ni buti la mtumba. Nililinunua Memorial, soko la mitumba la Moshi, zuri, soli nzima, ila lilinibana kidogo mbele. Nikajiambia litalegea. Wanaoijua Mweka, njia ya kushukia mlima, wanajua kilichofuata. Kutoka kambi ya Barafu hadi kambi ya Mweka unashuka mita 1,500 hivi, una kilo 20 kichwani au begani, na kila hatua vidole vinagonga ncha ya kiatu. Safari ya pili ukucha wa gumba ukawa mweusi. Ile ilikuwa damu tu, imevilia chini ya ukucha. Baada ya wiki kadhaa ukang'oka wenyewe, na ulioota badala yake ukaja wa njano. Wakati huohuo kati ya vidole nilikuwa na muwasho na ngozi nyeupe iliyolowa, nikauona ni jambo dogo la msimu wa mvua. Baadaye daktari aliniunganishia vitu hivyo viwili: fangasi walikuwa tayari kwenye ngozi, na ukucha ulioumia ukawafungulia mlango.

Nilianza na ndimu na kitunguu saumu, kama nilivyoshauriwa kijiweni. Kitunguu saumu kilichopondwa, ukikifunga kwenye ngozi usiku kucha, kinaunguza kweli. Nilipata lengelenge na nikakosa safari mbili za watu. Usikijaribu.

Kisha nikanunua krimu ya klotrimazoli. Hapa nataka nieleweke vizuri, maana krimu hii si mbaya. Kwa fangasi wa kati ya vidole inafanya kazi, mradi uipake mara mbili kwa siku hadi wiki nne, bila kuacha siku muwasho unapokoma. Kosa langu lilikuwa kuipaka juu ya ukucha kwa miezi sita. Ukucha uliokwisha kunenepa hauipitishi krimu ikafika kule fangasi waliko. Nilimaliza tyubu baada ya tyubu na ukucha haukubadilika hata kidogo.

Jambo linaloniuma zaidi ni lile la tatu. Katika duka moja la dawa nilipewa krimu ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi pamoja na steroidi kali. Muwasho ulikwisha kwa siku tatu. Nikafurahi, nikawaelekeza wenzangu watatu wakanunue. Baada ya mwezi nilikuwa na madoa ya duara juu ya wayo, na baadaye mapajani. Steroidi inanyamazisha wekundu na muwasho, lakini inapunguza ulinzi wa ngozi, na fangasi wanatambaa kwa raha chini yake. Wenzangu wale nimewatafuta mmoja mmoja nikawaambia waache. Kama umepewa krimu ya kuwashwa, soma maandishi ya boksi. Ukiona jina la steroidi kama klobetasoli au betamethasoni limeandikwa pamoja na dawa ya fangasi, usijipake mpaka umwone daktari wa ngozi.

Sisi wa Moshi tuna bahati ambayo wengi hatuitumii. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza 1992, na madaktari wa nchi nyingi za Afrika wanakuja kusomea ngozi hapo. Nilikaa miaka minne kwa mwendo wa daladala tu kutoka hapo. Nilipokwenda, daktari hakuniandikia dawa siku hiyohiyo. Alikata kipande cha ukucha, akakwangua ule unga wa chini yake, ukapelekwa maabara kutazamwa kwa hadubini. Nilimuuliza kwa nini asinipe vidonge tu, maana ilikuwa wazi. Akanijibu kwamba si wazi: kucha nene au za njano zinazoletwa hospitali, karibu nusu tu ndizo zenye fangasi. Nyingine ni za kuumia, nyingine ni ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, na mtu anaweza kumeza dawa miezi mitatu kwa kitu ambacho dawa haikigusi. Jibu langu lilikuja na fangasi. Nikapimwa na ini pia, kwa sababu terbinafini, kwa watu wachache, inaweza kulidhuru.

Dozi yake ni kidonge kimoja cha miligramu 250 kila siku. Kwa kucha za mikono ni wiki sita, kwa kucha za miguu wiki 12. Hivyo ni vidonge 84. Mimi vilinigharimu shilingi 92,000 katika duka la dawa mjini, baada ya kuuliza maduka manne na kukuta bei zinapishana sana kwa dawa ileile ya kampuni tofauti. Vipimo havikufika nusu ya pesa hizo. Najua 92,000 si pesa ndogo kwa mpagazi. Ila nilipojumlisha krimu za miaka minne, zilikuwa zimeipita.

Kumeza kwenyewe hakukuwa kugumu. Nilichagua asubuhi baada ya uji, na mlimani nilikaa na vidonge kwenye mfuko wa shati, si kwenye begi, kwa sababu begi linaweza kukutangulia kambi nzima. Daktari aliniambia niachane na pombe kipindi chote hicho, kwa ajili ya ini. Kwetu Kibosho mbege, pombe yetu ya ndizi, iko kwenye kila shughuli, na mjomba wangu aliuchukulia vibaya ukimya wangu kwenye kibuyu mpaka nilipomweleza. Wiki ya tano ulimi ulipoteza ladha. Ndizi, nyama, hata chumvi, vyote vikawa kama karatasi. Nilirudi hospitali nikiwa na hofu, wakapima ini tena, likawa salama. Nikaambiwa hilo ni dhara linalojulikana la dawa hii, kwamba mara nyingi ladha inarudi, ila huchukua muda, na kuna wanaolazimika kuacha. Mimi nilichagua kuendelea. Ladha ilirudi wiki sita hivi baada ya kidonge cha mwisho. Tena: mwenye ugonjwa wa ini, mjamzito, anayenyonyesha, au anayemeza dawa nyingine za kila siku, asinunue vidonge hivi kwa kusoma maneno yangu. Amwone daktari kwanza.

Sasa sikiliza hili, kwa maana hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Siku nilipomeza kidonge cha 84, ukucha wangu ulikuwa mbaya vilevile. Nilikaa kitandani nikautazama nikaona nimeliwa pesa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba dawa hairekebishi ukucha ulioharibika. Inawaua fangasi, inabaki ndani ya ukucha kwa miezi baada ya kuacha kumeza, na ukucha mpya unaota safi kutoka shinani, unausukuma ule mbovu mbele. Ukucha wa mguu unaota kama milimita moja na nusu kwa mwezi. Wa gumba unachukua mwaka hadi mwaka na nusu kujaa. Nikaanza kupiga picha kila tarehe mosi. Picha ya mwezi wa tatu inaonyesha kijistari cha waridi kwenye shina, chembamba kama uzi. Mwezi wa sita kilikuwa theluthi ya ukucha. Zile picha ndizo zilizonituliza, na ningemshauri kila anayeanza dawa apige ya kwanza siku hiyohiyo.

Mwezi wa saba muwasho ulirudi kati ya vidole. Niliumia moyo. Ukucha mpya nusu umeota, na mimi nakaribia kuanza upya. Sababu ilikuwa mlangoni kwangu: nilikuwa nimerudi kwenye buti lilelile, soksi zilezile, na malapa ya bafuni tunayovaa watu wanne. Fangasi wanakaa kwenye vipande vya ngozi na kucha vinavyobaki ndani ya kiatu, na buti lisilokauka ni kama shamba walilolimiwa. Nilipaka krimu ya terbinafini mara moja kwa siku kwa wiki moja, muwasho ukaisha, nikaendelea wiki ya pili kwa tahadhari. Na buti lile nikaliaga. Nilihangaika nalo, kwa kuwa kiatu cha mlimani ni mtaji. Ninachojua sasa ni kwamba hapo Moshi kuna KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaoazimisha nguo za mlimani bila malipo, kwa hiyo pesa niliyokuwa nikiitenga kwa ajili ya jaketi nikaihamishia kwenye viatu.

Sasa nina jozi mbili na napokezana. Nikishuka mlimani natoa kamba na soli ya ndani, naacha ulimi wazi, najaza magazeti usiku wa kwanza, kisha nayatoa na kuweka kiatu kwenye upepo siku mbili. Soksi nachemsha. Hemani nabadilisha soksi kabla ya kulala hata kama nimechoka vipi, na nakausha kati ya vidole kwa kitambaa kisichogusa kitu kingine. Njia ya Machame, siku ya kwanza msituni, mguu unalowa hata bila mvua, hivyo jozi ya akiba ya soksi naiweka ndani ya mfuko wa plastiki na haitoki mpaka jioni.

Kuhusu kukata kucha nina msimamo mkali. Kata moja kwa moja, usizungushe pembe, siku mbili au tatu kabla ya kupanda. Ukichonga pembe, ukucha unaota kuingia ndani ya nyama, na ukishuka Mweka na ukucha wa namna hiyo utalia. Mwenzangu alimpa kidole chake mmoja wa vijana wanaopita na vikapu wakisafisha kucha, akachimbwa pembe kwa kifaa kilichotoka kwenye mguu wa mtu mwingine. Kidole kilitunga usaha, na hospitali ikabidi watoe upande mmoja wa ukucha kwa ganzi. Vijana wale wanatafuta riziki na siwakatazi watu kuwaita, ila nenda na wembe wako na mkasi wako, na pembe za kidole asiguse mtu asiyeweza kuchemsha vifaa. Kiatu kijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi zako za mlimani. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kabla ya kuanza kushuka kaza kamba kwenye kifundo ili kisigino kikae nyuma.

Nyumbani nimeyahamishia haya kwa mama. Ana kisukari mwaka wa nane, na visigino vyake vilikuwa na magaga yaliyopasuka mpaka damu, naye hasikii maumivu. Kutosikia maumivu huko ndiko kunakonitisha. Ufa wa kisigino kwake ni njia ya kidonda, na kidonda cha mguu kwa mwenye sukari kinaweza kuishia kukatwa mguu. Siku hizi miguu yake naitazama mimi kila jioni, hadi chini ya nyayo na kati ya vidole. Maji ya kumwosha nayapima kwa kiwiko changu, halowekwi muda mrefu, napaka mafuta ya mgando visiginoni lakini kati ya vidole pakavu. Jiwe la kusugua natumia kwa wepesi sana, wembe hapana kabisa. Na haendi shambani peku tena, ingawa hilo tumebishana.

Vidonge nawapa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeitoa kwa ladha niliyoipoteza na kwa sababu hakuna karatasi ndani ya boksi iliyonieleza kwamba ningesubiri mwaka mzima. Magumba yote mawili sasa ni safi. Kidole kidogo cha kushoto bado ni kinene, na daktari anadhani hicho ni cha kubanwa na kiatu tu, si fangasi. Amekata kipande, majibu ni Alhamisi. Jumamosi napanda Machame na kundi la siku saba, na nimeshapakia malapa yangu mwenyewe.