Dawati la malalamiko la mgodi: viti vizuri, maji baridi yapo, ila soma kabla hujasaini (nyota 2 kati ya 5)

Watu wanaweka rivyu za chipsi na saluni, leo na mimi naweka ya huduma ambayo kama unakaa karibu na mgodi mkubwa huku kanda ya ziwa iko siku utaihitaji, dawati la malalamiko la mgodi. Jina la mgodi silitaji, wenye nyumba zenye nyufa mtaujua, kampuni mama iko ng'ambo huko.

Nilienda na bi mkubwa mwezi wa 3. Ukuta wa chumbani kwake umepasuka kuanzia kona ya dirisha kwenda chini, ule ufa unaingiza kidole, na kila wakilipua miamba mgodini unasikia udongo unadondoka nyuma ya kabati. Ofisi ipo nje ya geti kwahiyo huulizwi kitambulisho cha mgodi, hapo nawapa maua yao. Feni inafanya kazi, kuna dispensa ya maji, dada wa mapokezi anaamkia wazee shikamoo vizuri kabisa. Fomu ni ya Kiswahili, unajaza, unapewa namba. Nikasema aisee, mbona watu wanawasema vibaya.

Sasa ile namba ndo kila kitu na ndo hakuna kitu. Fomu inasema siku 30. Siku 30 zikapita nikapiga, mnafanyiwa kazi, nikapiga tena, afisa yuko likizo, nikaenda mwenyewe na bodaboda naambiwa faili liko kwa mhandisi. Mhandisi kaja mwezi wa 6. Kijana mpole, ana rula na simu, kapiga picha ufa, kagonga gonga ukuta, halafu anamwambia bi mkubwa "mama nyumba yako tatizo ni msingi, tofali za udongo hizi". Bi mkubwa akamuuliza, mwanangu, nyumba hii nimeijenga 1994, mgodi ulikuwepo? Hakujibu, akaandika andika.

Ngoja niseme kinachoniudhi zaidi. Anayelalamikiwa ndo anayepokea malalamiko, ndo anayetuma mpimaji, ndo anayeamua kama ana kosa, ndo anayepanga bei. Hata ligi ya mchangani refa hatoki timu moja. Umoja wa Mataifa 2011 walipitisha miongozo ya biashara na haki za binadamu, na kuna kipengele kizima kinasema dawati kama hili liweje: watu walifikie kwa urahisi, ijulikane hatua na muda, liwe la haki, liwe wazi, na kampuni isijigeuze hakimu peke yake, wakae na wananchi waongee. Kwenye kufikika nawapa 4. Muda wa majibu 1. Haki... twende tu mbele.

Mwezi wa 8 tukaitwa. Ofa: mifuko 15 ya saruji na bati kadhaa, "kama ujirani mwema", yaani sio fidia, neno fidia hawalitaji hata kwa bahati mbaya. Na karatasi ya kusaini, kurasa 2, Kiingereza. Fomu ya kulalamika Kiswahili, ya kumaliza kesi Kiingereza, mnaelewa lakini? Nikaomba muda nisome. Ndani kuna sentensi kwamba ukisaini hutaishitaki kampuni wala kampuni mama, si hapa nchini wala nje ya nchi. Nikabaki natazama hiyo "nje ya nchi". Bi mkubwa wangu mwisho wa safari zake Mwanza, nani kamwambia mtu ataenda mahakama ya ng'ambo?

Basi nikaingia mtandaoni na nikaelewa kwanini wameiweka. 2013 watu wa North Mara walifungua kesi London dhidi ya African Barrick Gold, kampuni iliyokuwa na mgodi huo, kuhusu watu waliopigwa risasi na wengine kufa mgodini, kampuni ikakana, 2015 wakamalizana nje ya mahakama. Wazambia 1,826 wa pande za Chingola, hao ishu yao maji machafu ya mgodi wa shaba, 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema Vedanta, kampuni mama ya mgodi huo, anaweza kushitakiwa kule kule. Kanada nako 2020 Waeritrea wa mgodi wa Bisha wakaruhusiwa kuendelea na kesi yao dhidi ya Nevsun, kampuni ya huko Kanada. Sio kwamba kila mtu anapita, kesi nyingine ya North Mara iliyopelekwa Ontario, huko huko Kanada, 2022 jaji aliikataa 2024, akaona Tanzania ndo mahali pake. Na ofisi ya Kanada ya kupokea malalamiko dhidi ya kampuni zao zinazofanya kazi nje ilianzishwa bila nguvu ya kulazimisha kampuni ilete nyaraka. Ila mlango upo, na ile sentensi kazi yake ni kukufungia mlango huo kwa mifuko 15 ya saruji. Mgodi wa Porgera kule Papua New Guinea ilikuwa hivyo hivyo, wanawake zaidi ya 100 waliobakwa na walinzi wa mgodi walipewa malipo na karatasi ya kuacha kushitaki.

Kama unaenda: piga picha ukuta wako kila mwezi weka na gazeti la siku hiyo, andika siku na saa ya kila mlipuko, nakala ya fomu igongwe muhuri, nenda na mtu anayesoma Kiingereza, na usisaini siku hiyo hiyo hata wakikuletea soda. Tuliletewa soda. Fanta.

Nyota moja ya dada wa mapokezi, moja ya feni. Karatasi bi mkubwa kaiweka chini ya godoro, hajasaini, mtendaji wa kijiji kashampigia mara 2 kumuuliza anasubiri nini. Juzi king'ora kimelia saa 8 mchana, wakalipua, nimepima ule ufa kwa rula ya mtoto: umeongezeka sentimita 3 kwenda chini.