61016: uzoefu wangu na polisi wa reli London

Namba hiyo, ya kuwatumia meseji polisi wa reli, nimeihifadhi kwenye simu kwa jina "Reli". Ukiniuliza namba ya shangazi yangu lazima nifungue simu niitafute, ila hii nakutajia hata nikiwa usingizini.

Nafanya usafi hospitalini, upande wa Paddington, na naishi Ilford. Kati ya hapo na hapo ni reli ya Elizabeth, njia ya treni inayokatiza London, kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki. Shifti inaisha saa nne na nusu usiku. Kwa hiyo polisi wa reli kwangu si habari ya kwenye gazeti, ni huduma ninayoitegemea kama maji ya bomba, na naieleza kama nilivyoiona mimi.

Kwanza nieleze jambo ambalo wengi wetu tunaishi hapa miaka bila kulijua. Polisi wa kwenye treni si wale wa mtaani. Mtaani ni polisi wa jiji. Ukiingia kwenye reli umeingia eneo la British Transport Police, ambao kazi yao ni reli tu: treni za England, Wales na Scotland, treni za chini ya ardhi za London, DLR (treni ndogo za mashariki ya London), na hii Elizabeth yetu. Sehemu kubwa ya fedha zao hutoka kwa wanaoendesha reli, maana yake nauli yangu imo humo. Kila nikigusa kadi getini nachangia, na ndiyo maana naona nina haki ya kusema huduma ikoje.

Ndani ya polisi hao kuna wale wa ujirani, ambao nyumbani tungewaita polisi jamii. Wanapewa stesheni zao, wanazizungukia kwa miguu, wanapanda treni, wanashuka, wanarudi. Wengine ni askari kamili. Wengine ni askari wasaidizi, walioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Hawana mamlaka ya kukamata kama askari kamili, na utawajua kwa mkanda wa buluu kwenye kofia. Mimi nilikuwa nawaona kama pambo. Nilisema moyoni, askari asiyeweza kumtia mtu pingu ananisaidia nini?

Nimekulia Tabata, karibu na reli. Pale kwetu balozi wa nyumba kumi hakuwa na bunduki wala gari, lakini alijua mgeni aliyelala kwa nani, kijana gani ameanza kurudi usiku wa manane, na nyumba ipi mlango wake haufungi vizuri. Mwizi alimwogopa balozi kuliko alivyoogopa defender ya polisi, kwa sababu defender inapita na balozi yupo. Nilipokuja kuwaelewa askari hawa wa stesheni, nilimkumbuka balozi wetu yule yule.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Novemba. Treni ilikuwa karibu tupu. Tottenham Court Road akapanda mwanamume mmoja mwenye koti la kijani ambalo zipu yake imekufa, akaviacha viti vyote vitupu, akaja kukaa ubavuni mwangu, goti lake limegusa langu. Nikasogea. Akasogea. Treni za Elizabeth zina mabehewa 9 na unaweza kutembea toka la kwanza hadi la mwisho bila kufungua mlango, basi nikanyanyuka, nikavuka mabehewa mawili, nikakaa karibu na mama mmoja aliyesinzia. Sekunde chache baadaye koti la kijani likaja likakaa mbele yangu. Hakusema neno. Alinikodolea macho tu, mkono mmoja ndani ya mfuko wa suruali, na alichokuwa anakifanya huko sitakiandika.

Atakayeuliza kwa nini sikupiga kelele hajawahi kuwa pale. Koo lilikauka. Nikawaza, nikipiga kelele huyu mama ataamka atafanya nini? Nikipiga simu, yeye atasikia kila neno.

Sasa, kuna lile tangazo linalorudiwa kwenye stesheni zote za nchi hii tangu mwishoni mwa mwaka 2016, kwamba ukiona jambo halieleweki, mwambie mfanyakazi au tuma meseji 61016. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi mno, hata nikawa silisikii tena. Usiku ule likanijia lenyewe kichwani. Nikaiweka simu chini ya mtandio, nikaandika kwa Kiingereza changu hiki hiki: mwanamume ananifuata, treni ya kwenda Shenfield, tumetoka Farringdon.

Jibu lilifika kabla hatujaingia Liverpool Street. Waliniuliza mambo matatu: niko salama kwa sasa, behewa namba ngapi, amevaa nini. Nikainua macho kuitafuta namba ya behewa kama mtu anayesoma tangazo, nikaituma. Koti la kijani, zipu mbovu, viatu vyeupe. Wakaandika nibaki pale pale kama naweza, na kwamba askari watakuwa Stratford.

Toka Whitechapel mpaka Stratford ni dakika chache tu, lakini nilizihesabu sekunde kwa sekunde. Milango ilipofunguka wakaingia wawili moja kwa moja kwenye behewa letu. Hawakuangaza angaza. Mmoja alisimama kati yangu na yule mtu, mwingine akamwambia ashuke naye. Mama aliyesinzia aliamka akakuta treni inaondoka na mimi nalia. Nilipoiweka simu mapajani nikaona kidole gumba kina mfereji mwekundu wa ukingo wa simu, na haukutoka mpaka nilipofika Ilford.

Wiki iliyofuata nilitoa maelezo. Niliogopa, nasema wazi. Mtu yeyote wa kwetu akisikia "njoo utoe maelezo polisi" anawaza viza, anawaza karatasi, anawaza jirani atasema nini. Mimi sikuulizwa karatasi. Niliulizwa nilichokiona na nilichokisikia mwilini, na aliyeandika alinisomea kila sentensi aliyoandika ili niirekebishe. Nasimulia yangu tu; mwenye jambo la ukaazi linalomtia hofu aongee kwanza na mwanasheria au watu wa ushauri, hilo si la kubahatisha.

Askari aliyechukua maelezo ndiye aliyeniambia kwamba hata kumkodolea mtu macho kwa nia chafu ni unyanyasaji wanaotaka kuarifiwa, na kwamba sheria ya mwaka 2019 imefanya kosa kumpiga mwanamke picha kisirisiri chini ya sketi. Mimi nilikuwa nadhani mpaka uguswe. Ni mambo mangapi tumeyameza kwenye daladala, kwenye msongamano, tukayaita ni bahati mbaya?

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuwaona wale wa mkanda wa buluu. Kwenye stesheni ya kwetu kuna mmoja, mama wa makamo, mzito kidogo wa miguu. Anajua saa ninazopita. Siku moja nilitoka mapema akaniuliza kama naumwa. Nikamwangalia kazi yake: anawasalimia wauza kahawa, anamwondoa kijana anayelala kwenye ngazi bila kumdhalilisha na kumwonyesha pa kupata kitanda, anawaambia wenzake taa ya ngazi ya tatu imeungua na wanawake wanapakwepa. Ile taa mimi nilikuwa naipita kila usiku, sikuwahi kujiuliza kwa nini pale natembea haraka. Yeye alijiuliza.

Huyu ndiye aliyenisimulia kisa cha Paddington, na baada ya kukisikia nikaelewa kwa nini meseji yangu ilifanya kazi. Tarehe 1 Januari 1845, mtu aitwaye John Tawell alimuua mwanamke kwa sumu karibu na Slough, akakimbilia stesheni, akapanda treni ya kwenda London. Enzi hizo hakuna kitu kilichokwenda kwa kasi kuliko treni; ukishapanda umepona. Ila kulikuwa na waya wa telegrafu toka Slough hadi Paddington. Wakatuma habari: mtu aliyevaa kama Mkweka (mfuasi wa dhehebu la Kikristo la Quaker), koti refu la kahawia linalokaribia miguuni, yuko chumba cha mwisho cha behewa la pili la daraja la kwanza. Mashine ile haikuwa na herufi Q, ikabidi neno Quaker waliandike kwa K. Treni ilipoingia Paddington, sajini wa polisi wa reli alikuwa anamsubiri. Akamfuata alikokwenda, na kesho yake akakamatwa. Alinyongwa mwezi Machi mwaka huo huo.

Behewa gani, koti gani. Miaka karibu 180 kabla yangu, kwenye stesheni ninayopandia treni kila usiku, habari ilifika mbele ya treni kwa maelezo yale yale niliyoulizwa mimi.

Kasoro zipo. Meseji si ya hatari ya papo hapo: mtu ametoa kisu, mtu anapigwa, hiyo ni 999, namba ya dharura, bila kusubiri. Kwenye baadhi ya njia za chini kabisa mtandao hukatika katikati ya handaki, hivyo iandike meseji mapema na uitume treni ikiingia stesheni. Kuna pia kengele ya abiria kwenye behewa. Usiogope kuivuta, kwenye handaki dereva kwa kawaida hupeleka treni mpaka stesheni inayofuata ambako msaada unaweza kukufikia. Na ipo programu yao ya simu iitwayo Railway Guardian, ambayo unaweza kuitumia kuripoti na kuwashirikisha ndugu safari yako. Binti yangu anaitumia. Mimi nimebaki na meseji.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Tangazo linasemwa kwa Kiingereza, haraka haraka, ndani ya kelele. Mama zetu waliokuja kulea wajukuu, dada zetu wa Barawa, Wakongo wanaofanya shifti za alfajiri, wanalisikia kama muziki. Natamani sana kuona bango moja la Kiswahili lenye namba hiyo kwenye stesheni za mashariki ya London.

Na kuna siku, muda mrefu kabla ya Novemba ile, niliibiwa pochi kwenye stesheni ambayo sitaitaja. Nikamfuata mtu wa getini, akaniambia bila kuniangalia kwamba hayo si yake, nirudi kesho. Sikurudi. Leo najua kwamba sikuhitaji ruhusa yake. Ningewapigia polisi wa reli 0800 40 50 40 au kutuma meseji nikiwa nimesimama pale pale. Siku ile nilimaliza kwa kukata tamaa, na mwizi wangu akaenda kumwibia mwingine.

Kwa kifupi kwa anayetaka kujua cha kuandika: njia ya treni na inakoelekea, stesheni uliyotoka, namba ya behewa, mtu amevaa nini. Usijisumbue na salamu wala Kiingereza kizuri. Mimi niliandika "man following", sarufi ikanipita, na bado wakanielewa.

Wiki iliyopita tumepata mfanyakazi mpya, binti wa Kigoma, hana hata miezi mitatu hapa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo aliniuliza kama treni ya saa tano ni salama. Nikamwambia alete simu. Tukaihifadhi pamoja, akauliza aiite jina gani, nikamwambia yoyote atakayoikumbuka akiogopa. Akaandika "Mama".