TAHADHARI: Ukipeleka kamera kwa fundi hapa Mtwara mjini usimwachie ukaondoka

Wadau wa Mtwara na Lindi habari zenu. Kuna fundi nimepigwa naye, jina siandiki sitaki kesi, ila staili yake muijue.

Nina kakamera kadogo ka mfukoni, zile ukiwasha lenzi inachomoza. Nilienda nako Msimbati na watoto, mchanga ukaingia. Kurudi nikiwasha, vile vibati vyembamba vinavyofunika lenzi, vinafunguka kama kope, cha juu kinafunguka cha chini kimegoma katikati, kila picha ina kivuli cheusi chini.

Jamaa akawasha mara moja akazima, "mota ya lenzi imeungua, kifaa kinaagizwa Kariakoo, lete advansi elfu thelathini na tano". Nikatoa, tena bila risiti. Sasa mota iliyoungua inatoaje lenzi na kuirudisha vizuri vile? Sikujiuliza.

Wiki tatu ni njoo kesho, mara mzigo umekwama Somanga barabara imekatika, na mvua yenyewe hata tone hatujaona. Siku nimepewa, vibati vinafunguka safi nikamshukuru kabisa. Usiku napiga picha naona taa zote zina ukungu, asubuhi naielekeza dirishani, kioo kina rangirangi kama dimbwi la gereji. Kumbe kapulizia mafuta ya kulegezea nati! Yale yanatambaa mpaka kwenye kioo na yananasa vumbi, haikupita wiki vikagoma tena.

Halafu betri sio yangu, yangu niliichora M kwa makapeni, hii imevimba mpaka kuitoa unavutana nayo. Memori kadi niliacha ya GB 32 nimerudishiwa ya 4, picha za watoto za Msimbati ndo zimeenda hivyo.

Shemeji yangu wa Mikindani, fundi saa, aliigeuza lenzi ikaangalia chini, akapuliza na kile kipira chao, akapitisha brashi laini kavu pembeni ya vibati, akakisogeza kile kilichogoma na ncha ya kijiti taratibu bila kukandamiza. Punje mbili za mchanga zikadondoka kwenye karatasi. Dakika kumi, bure! Ukungu ndo hautoki, mafuta yapo ndani. Nilitaka nifungue bodi mwenyewe akanizuia, kapasita ya flashi inabaki na umeme wa kukurusha hata betri ukiitoa.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi yeyote toa memori kadi ubaki nayo, betri ipige picha, na ukiona anachukua kopo la mafuta nyang'anya kamera yako.

Nilimrudia, ananijibu "bro kamera ilikuja na betri hiyohiyo". Jumatatu naenda tena na shemeji, kama kuna mwingine karudishiwa betri iliyovimba aseme tuongozane.