Uzoefu Wangu na Vifaa vya Kuzibia Michaniko ya Makochi ya Vinili

Kisanduku cha kurekebishia vinili nilichokinunua katika duka moja la Kikuubo, hapa Kampala, kina vikopo vya rangi nzito inayokauka kwa hewa, gundi, vipande vya kitambaa, mwiko mdogo wa plastiki na karatasi zenye alama za mikunjo ya ngozi. Nilikitumia kwenye makochi yetu ya kahawia, yaliyokuwa na michaniko isiyozidi sentimita 3, na kazi yake imeniridhisha kiasi cha kukipendekeza, ila kwa masharti.

Sharti kubwa ni kile kitambaa, ambacho kwa maoni yangu kina thamani kuliko vikopo vyote vya rangi. Vinili ni tabaka jembamba la plastiki ya PVC lililoshikamana na kitambaa cha chini. Mchaniko ukifika hadi kwenye sponji, rangi inayopakwa juu peke yake haina pa kuegemea, na mtu akikaa tu inabonyea na kupasuka upya. Kwa hiyo nilikata kipande kinachozidi mchaniko kwa sentimita 1 hivi kila upande, nikakipunguza pembe zake zisijikunje, nikakipenyeza chini kwa kibano, nikapaka gundi na kukutanisha kingo, halafu nikaweka uzito juu yake hadi kesho yake. Gundi hiyo ni ya aina inayonyumbuka. Supagluu haifai hata kidogo, kwani ikikauka huwa ngumu kama kioo, na vinili inayojikunja kila siku itakatika pembeni mwake.

Kabla ya hapo sehemu iliyochanika husafishwa kwa maji ya sabuni, kisha kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa safi, kwa sababu mafuta ya nywele na ya mwili huzuia gundi kushika. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha isikaribie kochi, kwa kuwa huidhuru vinili yenyewe.

Kuoanisha rangi ndiko kulikonichukua muda mwingi. Kahawia ya kopo haikufanana na ya kochi, ikanilazimu kuichanganya na nyeusi na njano kidogo kidogo, nikijaribia sehemu ya nyuma isiyoonekana na kusubiri ikauke, maana rangi mbichi hudanganya. Ni vizuri kuikagua kwa mwanga wa mchana. Nilipaka matabaka membamba, na kwa kuwa ilikuwa Aprili, mwezi wa mvua, kila tabaka lilikawia kukauka kuliko maelezo ya kopo yalivyoahidi. Karatasi ya mikunjo hugandamizwa tabaka la mwisho linapokaribia kukauka; alama zilitokea vizuri, ingawa anayeinama karibu bado ataona mahali palipozibwa. Zipo pia rangi za kukaushwa kwa joto la takriban nyuzi 150, lakini sizishauri nyumbani, kwani pasi ikizidi kidogo huharibu eneo lote.

Nilijaribu pia kwenye mshono wa mkono wa kochi, na hapo haikudumu, kwa kuwa mshono huvutwa kila mtu anapoegemea. Vivyo hivyo kwa vinili iliyokwisha kukakamaa baada ya kupoteza vilainishi vyake kwa jua na umri: ukiziba ufa mmoja, mwingine hufunguka kando yake. Sehemu za namna hiyo nimempelekea fundi wa makochi abadilishe kipande kizima.