Ringu 2: nilikuja kuiponda, sasa hata sielewi

Nianze na kijana wa muvi, maana hasira zote zilianzia kwake.

Ringu ile ya mwaka 1998 niliangalia peke yangu, nikalala taa inawaka karibu wiki nzima. Televisheni ya sebuleni nikaifunika khanga. Halafu, kwa ujinga wa binadamu, nikataka ya pili. Nikamfuata kijana anayetuwekea muvi kwenye flashi hapa mtaani, nikamwambia, kaka, nataka mwendelezo wa ile ya Kijapani, ya kanda ya video, ukiitazama unakufa baada ya siku saba. Akaniuliza kama nataka iliyotafsiriwa. Nikamwambia hapana, niwekee yenye maandishi chini, sitaki mtu ananipigia porojo wakati Sadako, yule mzimu wa nywele ndefu, anatoka kisimani. Akacheka, akaweka, nikalipa.

Usiku nikajifunika shuka mpaka puani. Nasubiri kisima, kisima hakiji. Nasubiri zile nywele. Badala yake naona daktari anapasua maiti ya Ryuji, yule aliyekufa mwishoni mwa sehemu ya kwanza, tena kweupe kabisa, halafu zinaanza habari za virusi, halafu Sadako anazaliwa upya kupitia tumbo la mwanamke mwingine. Nikajiuliza, hivi nimesinzia?

Kumbe nimewekewa Rasen. Kwa wasiojua: huko Japani Ringu na Rasen zilitoka siku moja, Januari 1998, zote zimetokana na vitabu vya Koji Suzuki. Ya kwanza ikapendwa mno, hii nyingine watu wakaikunjia uso. Basi wenye kazi yao wakaamua kufanya kama haikuwahi kuwepo. Wakamrudisha mwongozaji Hideo Nakata na mwandishi Hiroshi Takahashi, wakatoa Ringu 2 mwaka 1999. Yaani kuna sehemu ya pili mbili, na hazitambuani, kama wake wenza wasiosalimiana.

Nikarudi kwa kijana kistaarabu kabisa. Nikamweleza. Unajua alinijibu nini, mbele ya wateja? "Dada, mwendelezo ni mwendelezo. Si ulitaka mzimu? Mzimu si umo?" Watu wakacheka. Akasema atanibadilishia bure, nije jioni. Jioni nikaenda, akataka hela tena. Ni hela ndogo, najua. Lakini kile kicheko bado ninacho.

Kwa hiyo nakiri mapema: hii Ringu 2 niliikalia nikiwa tayari nimevimba.

Mwanzo wake ulinishika shingo. Polisi wamempata Sadako kisimani, mifupa iko mezani, na wapimaji wanasema hakufa siku ile aliyotupwa. Aliishi mle ndani kama miaka 30. Rudia hiyo polepole. Miaka thelathini gizani, kwenye maji, kucha zimeng'oka kwa kukwangua ukuta. Hapo nikaweka bakuli la bisi chini. Halafu wakamfinyangia sura ya udongo juu ya fuvu ili wamtambue, na ile sura, sijui niseme nini, ni ya kawaida tu, ndiyo maana inatisha.

Halafu wakaenda kuniharibia.

Reiko, yule mama wa sehemu ya kwanza aliyehangaika mpaka akaingia kisimani, anagongwa na gari barabarani. Basi. Mimi nimekua nikijua steringi hafi, na kama atakufa basi afe na adui wake. Huyu anakufa kama mpita njia. Mdogo wangu akasema ndiyo uzuri wenyewe, kwamba laana haina adabu ya muvi. Nikamwambia anyamaze. Kazi yote wanaachiwa Mai, aliyekuwa msaidizi wa Ryuji, na Yoichi, mtoto wa Reiko, ambaye sasa haongei na mtu. Na Mai huyuhuyu, mwigizaji yuleyule Miki Nakatani, nilikuwa nimetoka kumwona kwenye Rasen akipata yaliyompata, sasa ananijia mzima wa afya. Ningelianza na muvi sahihi nisingechanganyikiwa. Unaona? Narudi kwa yule kijana tu.

Sasa bwawa. Kuna daktari anaitwa Kawajiri, anaamini chuki ya Sadako ni nguvu kama umeme, na kwamba maji yanaweza kuimeza. Kwa hiyo anamfunga mtoto Yoichi nyaya, anamweka pembeni ya bwawa la kuogelea na mashine zake, amtoe hiyo laana kama mtu anavyomaliza chaji ya betri. Bwawa la kuogelea! Nilipiga kelele sebuleni. Ringu ya kwanza ilinitisha kwa sababu hakuna aliyejifanya kuelewa. Huwezi kunitisha halafu ukaniletea mita na waya. Kwetu huku mtoto huyo angeshapelekwa akasomewe, na daktari angebaki anashika tama nje. Mdogo wangu anasema ninakosea, kwamba hiyo ndiyo maana yake: wazee wa sayansi wanaingia na mashine na wanakufa na mashine zao. Shemeji yetu, ambaye kwa kawaida kwenye muvi za kutisha huwa amesinzia, akasema bwawa limemtisha kuliko kisima, kwa kuwa kisima kiko mbali lakini bwawa amewahi kuogelea. Sikuwa na jibu.

Na hapohapo, Mai na mtoto wameshajikuta ndani ya kisima, wamepata kamba, wanapanda, Sadako anawafuata ukutani kwa kasi na ile sura ya udongo, anafungua mdomo kusema, MAANDISHI YAKAPOTEA. Yote. Anaongea Kijapani, mimi namwangalia kama mbuzi. Halafu anadondoka. Nikarudisha nyuma, hakuna. Nikazima flashi nikawasha, hakuna. Baada ya hela mara mbili! Nilikuwa tayari kuandika kwamba hii ni takataka, msipoteze muda, tazameni ya kwanza mkalale.

Mdogo wangu akaitafuta kwingine siku mbili tatu baadaye. Anachouliza Sadako ni: kwa nini uokoke wewe peke yako?

Basi. Hakuna kitisho, hakuna siku saba. Mtu aliyekaa kisimani miaka thelathini anamwona mwingine anatoka na kamba, anauliza kwa nini wewe tu. Nilikaa kimya. Kwa sekunde kadhaa nilimwonea huruma mzimu, jambo ambalo sehemu ya kwanza haikunifanyia hata kidogo. Kwa hiyo ile "takataka" naifuta. Bwawa naliacha palepale, bwawa ni upuuzi, lakini bila bwawa wasingefika kisimani, sasa nifanyeje?

Na bado kuna Kanae. Ni binti wa shule, anatazama kanda ili mwandishi wa habari Okazaki aipate, kwa ahadi kwamba Okazaki ataitazama nakala naye binti apone, maana anayeinakili na kumwonyesha mwingine ndiye anayepona. Okazaki akaogopa. Hakuitazama. Kamba ya huyu binti ilikuwa mkononi mwa mtu mzima aliyempa neno lake, akaiachia. Bisheni mtakavyo, kwangu hiyo ndiyo muvi. Sadako simfahamu, lakini wa aina ya Okazaki nawafahamu wengi, na mmoja anauza muvi pale kona. Picha ya mwisho ya Okazaki hospitalini, na nani amesimama nyuma yake, sikwambii.

Shemeji ameipa tisa kwa kumi. Mdogo wangu saba. Mimi nilikuja na tatu mkononi, nikapanda sita, nikikumbuka nyaya za Kawajiri nashuka tano, usiku nikimkumbuka Kanae napanda tena. Andika sita. Na ukienda kuinunua taja mwaka, 1999, mwambie akufungulie uone pale kisimani kabla hujatoa hela. Khanga yangu bado iko juu ya televisheni.