Huduma ya kukodi ya kuingia kwenye akaunti: uzoefu wangu tangu kujiunga hadi kuhama

Naizungumzia huduma inayowathibitisha watumiaji wa programu yako kwa niaba yako wanapoingia. Mwenye haraka achukue hili aende: nyota tatu kati ya tano. Kuunganisha ni rahisi, usalama ni mzuri kuliko ambao mtu mmoja angeweza kuujenga mwenyewe, lakini bei inapanda kwa njia za kushtukiza na kuondoka ni kazi. Jina la kampuni silitaji, kwani nilipowauliza wenzangu wanaotumia kampuni nyingine za aina hii, malalamiko yao na yangu yalifanana kiasi kwamba ungebadilisha jina tu maelezo yakabaki yaleyale.

Mimi nina programu ya mtandaoni ya kupangia ratiba za vikundi. Niliamua tangu mwanzo kwamba sitatunza nywila za watu. Anayedhani kutunza nywila ni kuwa na jedwali lenye safu mbili hajawahi kulala na wasiwasi wa jedwali hilo kuvuja. Unahitaji hashi ya polepole kama bcrypt au Argon2 (njia ya kuigeuza nywila kuwa maandishi yasiyorudishika nyuma), barua pepe za kurejesha nywila zisizoangukia kwenye taka, ulinzi dhidi ya roboti zinazojaribu nywila zilizoibwa kwingine, na hatua ya pili ya uthibitisho kwa wanaoitaka. Hayo yote nilitaka yawe shughuli ya mtu mwingine.

Na kwa hilo sina cha kulalamika. Huduma inafuata OAuth 2.0, kanuni iliyochapishwa mwaka 2012, pamoja na OpenID Connect iliyokamilika 2014. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha kuingia anapelekwa kwenye ukurasa wao, anajithibitisha huko, kisha anarudishwa kwangu akiwa na msimbo wa muda mfupi ambao seva yangu inaubadilisha kuwa tokeni, yaani hati ya kidijitali inayoonyesha kwamba ameruhusiwa. Nywila haipiti kwangu hata sekunde moja. Kero pekee hapa ni ile anwani ya kurudia, ambayo lazima ifanane herufi kwa herufi na uliyoisajili. Ukiacha alama moja ya mkwaju mwishoni, mtumiaji anaona ukurasa wa kosa unaosema tu kwamba ombi si sahihi. Si sahihi kwa nini, utajijua mwenyewe.

Tatizo la kweli lilianzia kwa watu wa iPhone. Waliniandikia kwamba programu inawatoa nje ovyo, hasa wakifunga ukurasa na kuufungua tena. Watumiaji wa vivinjari vingine walikuwa wametulia. Sababu ni kwamba tangu Machi 2020 Safari, kivinjari cha iPhone, inazuia kuki zote za tovuti ya tatu (faili ndogo za kumbukumbu za tovuti isiyo ile uliyoifungua), na njia ya zamani ya kuongeza kimyakimya muda wa kipindi, yaani ule ambao mtumiaji anabaki ndani bila kuingia upya, ilitegemea kuki hizohizo: ukurasa wao ulikuwa kwenye domeni yao, programu yangu kwenye domeni yangu, na Safari haikuona sababu ya hao wawili kujuana. Dawa inajulikana. Unauweka ukurasa wa kuingia kwenye domeni yako mwenyewe, au unatumia tokeni za kuhuisha, zile za kuombea tokeni mpya, zinazobadilika kila zikitumika. Ya pili niliipata bure. Ya kwanza, ambayo ndiyo ingewasaidia pia watu wanaoogopa kuandika nywila kwenye anwani wasiyoifahamu (na wana haki ya kuogopa), ilikuwa kwenye kifurushi cha juu.

Hapo ndipo nilipousoma ukurasa wa bei kwa miwani. Wanatoza kwa idadi ya watumiaji hai wa mwezi, na mtumiaji hai kwao ni yeyote aliyeingia hata mara moja, awe anakulipa au alipita tu kuchungulia. Programu yenye wageni wengi na wateja wachache inaumia. Kisha kikundi kimoja cha wafanyakazi wa kampuni kikataka kuingia kwa akaunti zao za kazini kupitia SAML, teknolojia ambayo toleo lake la 2.0 ni la mwaka 2005, na nikakuta kila kampuni utakayoiunganisha inahesabiwa bei yake. Waundaji programu wanaiita kodi, na sioni jina linaloifaa zaidi.

Misimbo ya SMS ilinigharimu kwa namna nyingine. Roboti zilikuja kwenye ukurasa wa kujisajili zikaomba misimbo kwa namba za nchi ambazo sina mtumiaji hata mmoja. Huu ni ulaghai unaofahamika: mlaghai anagawana mapato na mtoa huduma ya simu wa upande wa pili, na bili inamwangukia mwenye programu. Jopo la udhibiti lilikuwa na kitufe cha kuzuia nchi, ila kilikuwa kimefichwa chini ya mipangilio mitatu na kwa chaguo-msingi kilikuwa wazi kwa dunia nzima. SMS nimeizima. Wanaotaka hatua ya pili wanatumia programu ya misimbo, ile yenye tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, ambayo haimgharimu mtu chochote kutuma kwa sababu hakuna kinachotumwa. Wenye simu mpya wanatumia ufunguo wa kifaa wanaoufungua kwa alama ya kidole au uso. Katika yote niliyoyaona kwenye huduma hii, huo ufunguo ndio uliopokelewa vizuri zaidi. Watu wazima ambao kila mara walikuwa wanasahau nywila wameacha kabisa kuniandikia.

Lakini suala lililonila muda kuliko yote ni akaunti mbilimbili. Mtu anajisajili kwa barua pepe na nywila. Baada ya muda anarudi, amesahau alivyojisajili, anaona kitufe cha Google, anakibonyeza. Siku nyingine yuko kwenye simu ya Apple anabonyeza cha Apple na kuchagua kuficha barua pepe yake, kwa hiyo mimi napokea anwani inayoishia na privaterelay.appleid.com. Kwangu hao ni watu watatu. Kwake yeye ni kwamba ratiba zake zimepotea, na aliyezipoteza ni mimi. Isitoshe, anwani hizo za Apple hazipokei barua zako mpaka uwe umesajili kwao domeni unayotumia kutuma, jambo ambalo mwongozo wa huduma yangu ulilitaja kwa sentensi moja kwenye ukurasa usiohusika.

Ungedhani suluhisho ni kuunganisha akaunti zote zenye barua pepe moja. Huduma ina kitufe cha kufanya hivyo, na nawasihi msikiwashe kabla ya kuelewa kinachofanyika nyuma yake. Fikiria mhalifu amejisajili kwenye programu yako kwa barua pepe ya mtu mwingine na nywila anayoijua yeye, bila kuthibitisha anwani hiyo. Miezi inapita, mwenye barua pepe anakuja na kuingia kwa Google. Mfumo unaona anwani zinafanana, unaziunganisha, na mhalifu bado ana nywila yake inayofungua akaunti ileile. Mwaka 2022 watafiti Avinash Sudhodanan na Andrew Paverd walichapisha kazi yao kuhusu mashambulizi ya aina hii. Kati ya huduma 75 maarufu walizozichunguza, angalau 35 zilikuwa na mianya. Mimi naunganisha tu pale ambapo pande zote mbili zimethibitisha barua pepe, na kabla ya kuunganisha mtumiaji anaombwa kuingia kwa njia yake ya zamani. Msimbo wa kufanya hivyo ilibidi niuandike mwenyewe. Kwa huduma ambayo kazi yake ni hii na hii pekee, hapo nimekata nyota nzima.

Kukatika kwa huduma kulitokea mara chache, na ukurasa wao wa hali ulikuwa mkweli kiasi, ingawa kila mara ulichelewa kukiri. Wakikatika wao, mimi nimekatika, hata kama seva yangu inapumua vizuri. Ni hatari ya asili ya mpango huu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipotoweka mtandaoni kwa takriban saa sita, watu walishindwa kuingia kwenye programu zisizo za Facebook kabisa, kwa kuwa walizoea kupita kwenye kitufe chake. Nilichofanya ni kuongeza muda wa vipindi, ili aliyekwisha kuingia aendelee na kazi hata kama ukurasa wa kuingia umelala. Ni kuridhiana na hatari nyingine, kwa sababu kipindi kirefu kikiibwa kinaibwa kwa muda mrefu, ila kwa ratiba za vikundi naona inafaa. Kwa programu ya pesa nisingethubutu.

Nilipoamua kuhama, orodha ya watumiaji niliipata papo hapo: majina, barua pepe, tarehe za kujisajili. Hashi za nywila hazikuwemo. Msaada kwa wateja wakajibu kwa upole kwamba kwa sababu za kiusalama hashi hutolewa kwa ombi maalumu, na ombi maalumu lipo kwenye kifurushi cha juu zaidi ya kile cha domeni. Ni sawa kuhakikisha anayeomba ndiye mwenye akaunti. Kuulinda usalama huo kwa bei ni jambo jingine. Nyota ya pili ikaondokea hapo.

Hivyo nimehama polepole. Mtu akiingia, mfumo mpya unamuuliza ule wa zamani kama nywila ni sahihi, na ikikubaliwa unaihifadhi upya kwake. Wanaotumia Google na Apple wanahitaji uangalifu tofauti, maana Apple humpa kila msanidi namba tofauti ya mtumiaji, hivyo hakikisheni usajili uko kwenye akaunti yenu ya usanidi, si ya mtoa huduma. Watakaokuwa hawajaingia mpaka mkataba wa zamani uishe watapata kiungo cha kuweka nywila mpya, na najua baadhi yao watadhani ni barua ya matapeli.

Huduma mpya niliijaribu kinyumenyume. Niliingiza akaunti za bandia, nikaomba kuzitoa zote, nikalifungua faili kuona kama hashi zimo. Zilikuwemo, kila moja ikianza na $2b$, alama ya hashi ya bcrypt. Ndipo nikaweka namba ya kadi.